Kumtoa Mtu Kasumba: Uhuru wa Nani katika Holy Smoke?

Je, mtu aweza kulazimishwa kuwa huru? Swali hili lilinikaa kichwani baada ya kutazama filamu ya Holy Smoke (1999), iliyoongozwa na Jane Campion, ambaye aliandika mswada wake pamoja na dada yake, Anna.

Kisa chenyewe ni hiki. Ruth, msichana wa Australia, anakwenda India, anampata guru aitwaye Baba, na anaamua kubaki huko huko. Mama yake anamfuata na kumdanganya kwamba baba yake yu mahututi. Anarudi, kumbe mzee ni mzima! Amekwisha kodiwa Mmarekani, PJ Waters, bingwa wa kuwatoa watu kasumba. Wawili hao wanaachwa kwenye kibanda jangwani kwa siku 3.

Kasumba ni afyuni. Kwa maana ya pili, ni fikra alizopandikizwa mtu mpaka akaziona zake. Kazi ya kuitoa ilivuma Marekani miaka ya 1970, hasa kupitia Ted Patrick. Wazazi walimtafuta awanase watoto wao waliojiunga na vikundi vya imani, awafungie na kuwabana kwa maswali mpaka waikane imani hiyo. Mahakama zilimtia hatiani kwa kuwazuia watu bila ridhaa yao.

Sasa hebu tazama mbinu za PJ. Anamtenga Ruth na watu, anamwondolea sari yake, anambishia mpaka achoke. Guru angefanya nini zaidi? Campion hamtetei Baba hata kidogo. Ila anatuonyesha kwamba mganga amekuja na tunguri zile zile za mchawi.

Wapo watakaosema kwamba nusu ya pili ya filamu inapotea njia: bingwa anamtamani mgonjwa wake, analala naye, anaishia kutangatanga jangwani amevaa gauni jekundu na kupaka rangi mdomoni. Mimi naona hapo ndipo dhamira inapokamilika. Aliyekuja kuvunja nafsi ya mwenzake, yake ndiyo iliyovunjika. Bila mamlaka yake, naye hajijui ni nani.

Mwishoni Ruth yuko India tena, safari hii pamoja na mama yake, yule yule aliyemdanganya. Bado anatafuta. Lakini hakuna aliyemtuma, wala aliyemzuia. Huo, kwa maoni yangu, ndio uhuru ambao jamaa zake walidhani wanaweza kumnunulia.