Manowari ya Nusu Mita: Kazi ya Mikono kwa Wazazi na Vijana

Ndugu msomaji, ukipita jioni katika mitaa ya Kambarage, mjini Shinyanga, hukosi kumwona mtoto akisukuma gari alilolitengeneza mwenyewe kwa waya na vifuniko vya chupa. Wengi wetu hutabasamu tukapita. Lakini ukisimama ukalitazama vema, utaona lina usukani unaogeuza magurudumu, na aliyeuunda hakufundishwa na mtu. Basi, yatupasa sisi wazazi kujiuliza: mikono hiyo tumeiandalia kazi gani baada ya gari la waya?

Leo napenda kukushauri kazi moja ya siku za mapumziko, nayo ni kuunda manowari ndogo iendeshwayo kwa redio, kisha kuipambanisha na ya jirani.

Usidhani kwamba manowari ni habari za bahari za mbali. Mwaka 1914, katika Ziwa Victoria, merikebu ya Wajerumani iitwayo Muansa ilipambana na Winifred ya Waingereza. Katika Ziwa Tanganyika ilikuwapo Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha kama 5,000, na kuunganishwa tena Kigoma, ambako ilishushwa majini mwaka 1915. Baadaye mizinga yake iliondolewa ikatumike nchi kavu, na mahali pake ikawekwa ya bandia, ya mbao, ili adui aendelee kuogopa. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tulijualo sote: Liemba.

Hiyo basi na iwe mfano wetu. Huko Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wako watu wazima wanaounda manowari kwa kipimo cha moja kwa 144 na kuzipiganisha katika mabwawa. Liemba ina urefu wa mita 71 na upana wa mita 10. Gawanya kwa 144, utapata urefu wa nusu mita na upana wa sentimita 7. Lakini uzito haugawanywi hivyo. Kwa kuwa urefu, upana na kina vyote vimepunguzwa, uzito hugawanywa kwa 144 mara tatu, yaani kwa karibu milioni tatu. Merikebu ya tani kama 1,500 yawa nusu kilo tu, pamoja na betri zake! Mwache kijana akokotoe mwenyewe. Hesabu hiyo hataisahau.

Kwanza, chukua ubao mwembamba uwe mkuku. Juu yake gundisha mataruma ya mbao nyepesi, kisha uyavike karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya mafuta mara tatu, au bati jembamba la kopo lililolehemiwa. Viungo vyote vizibwe barabara, kama mafundi wa pwani wanavyokalafati majahazi. Mashine hupatikana katika gari la kuchezea lililovunjika, lile liendeshwalo kwa redio: mota yake izungushe rafadha, na kile kilichokuwa kikigeuza magurudumu sasa kigeuze usukani. Mwombe fundi redio wa mtaani akuonyeshe nyaya, na kijana awepo akitazama. Si jambo jipya: Nikola Tesla alionyesha mashua iendeshwayo kwa mawimbi ya redio mjini New York mwaka 1898.

Sasa ndipo linapokuja fundisho lenyewe. Chombo kikishashushwa majini, weka betri juu ya sitaha, ukipige kofi ubavuni. Kitapinduka. Kisha zilaze betri chini kabisa, juu ya mkuku, ziwe ndizo farumi, ukipige tena. Kitayumba na kusimama wima. Mwisho, mimina maji kidogo ndani, uone jinsi yanavyokimbilia upande ulioinama na kuuvuta uzidi kuinama.

Ndugu msomaji, sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Kijana aliyekwisha kuona chombo chake mwenyewe kikipinduka kwa sababu ya mzigo uliokaa juu, atakapofika gatini siku moja na kukuta sitaha imefurika watu, atajua kwamba ni heri kuchelewa safari.

Kuhusu vita vyenyewe, Wamarekani hurushiana gololi ndogo za chuma kwa nguvu ya gesi, na huvaa miwani mizito ya kulinda macho. Sisi tusiige hayo. Kila manowari na ifungwe puto tezini na pini omoni. Atakayepasuliwa puto ameshindwa. Mchezo huo wataka hila na usukani wa haraka, wala haumtoi mtu jicho.

Muhimu zaidi ni mahali pa kuchezea. Msiende kwenye mashimo ya migodi yaliyojaa maji, kwani kingo zake hubomoka na kina chake hakijulikani. Msiingie katika malambo wala kando ya ziwa palipo na konokono wenye kichocho. Chimbeni kidimbwi kisichopita kimo cha goti, mkitandike turubai la nailoni, na mtu mzima awepo daima. Mkimaliza, maji yamwagwe.

Pengine utasema kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba kijana wa Geita au Kahama afadhali atafute fedha machimboni. Lakini mtoto anayeshika zebaki kwa kiganja ili apate chembe ya dhahabu anauza afya ambayo dhahabu haitairudisha. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule iunganishe akili na kazi ya mikono. Hayo hayaanzi shuleni peke yake. Yanaweza kuanza uani kwako Jumapili ijayo, kwa ubao mmoja, kopo moja na mzazi aliye tayari kuketi chini pamoja na mwanawe.