Faida ya Nyanya za Tana Huamuliwa Kwenye Ua

Kando ya Mto Tana, kuanzia Balambala hadi Ijara, mkulima wa nyanya hutoa fedha kwanza: mbegu, mbolea, vibarua na mafuta ya mashine inayovuta maji mtoni. Wanunuzi wapo. Mji wa Garissa hula nyanya kila siku, na kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa 1991, ni soko kubwa. Ila sehemu ya faida huishia kwa nondo arukaye usiku.

Nondo huyo, Helicoverpa armigera, ni wa kikundi cha Heliothinae, chenye spishi zipatazo 400, na viwavi wa nyingi kati ya hizo hula maua na matunda. Wakulima wa pamba humwita kiwavi wake funza wa vitumba. Jike hutaga yai mojamoja kwenye majani na maua, na maishani mwake mayai yaweza kufika elfu moja. Kiwavi hutoboa nyanya karibu na kikonyo, akaingiza kichwa huku kiwiliwili kikibaki nje, kisha akahamia nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza. Kwa hiyo funza mmoja huharibu nyanya kadhaa, na tundu moja lenye kinyesi linatosha kuifanya nyanya ikataliwe sokoni.

Wengi hukimbilia dawa wakishaona matundu. Wakati huo funza amejificha ndani, dawa haimpati, na gharama imepanda bure. Isitoshe, katika nchi nyingi amekuwa sugu kwa dawa za kundi la piretroidi.

Wakulima wa pamba wana kinga nyingine. Desemba 2019 serikali ya Kenya iliidhinisha pamba ya Bt, ambayo mmea wake wenyewe humuua funza huyu, baada ya majaribio yaliyofanyika Bura, ng'ambo ya mto, na kwingineko. Mkulima wa nyanya hana mbegu ya namna hiyo.

Kinga yake ni kuwahi. Akague mimea mara mbili kwa wiki tangu maua ya kwanza, apulizie viwavi wakiwa wadogo, na abadilishe makundi ya dawa. Matunda yaliyotobolewa yaokotwe na kuharibiwa. Baada ya mavuno shamba lilimwe kwa kina, kwani funza hujichimbia ardhini na kugeuka nondo humo. Mwarobaini umejaa Garissa. Mbegu zake zikitwangwa na kulowekwa usiku kucha hutoa dawa ya bei nafuu.

Kaunti ya Garissa nayo ipeleke maafisa wa kilimo mashambani msimu wa maua. Wakisubiri matunda, watakuta hasara imekwisha kuingia.