Mwenda pole na usalama wa mbio za pikipiki

KIJANA wa Makongeni, Thika, aliyezoea bodaboda na anayetamani kushiriki motokrosi ya ridhaa, mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo kama ile ya Jamhuri Park, Nairobi, hana budi kufahamu jambo moja: hatari si kuachwa nyuma, bali ni kuyumba anapopitwa.

Katika mbio hizo, wenye kasi huweza kumzidi aliye mkiani mzunguko mzima. Wanapomkaribia, msimamizi aliye kando ya njia humpungia bendera ya buluu. Haimwamuru atoke njiani; humtahadharisha kwamba anakaribia kupitwa, asiwazuie wenzake.

Anayepita huwa amekwisha kukadiria pa kupenyea. Mwenda pole akihama ghafla kwa nia njema ya kumpisha, huenda akamziba papo hapo. Heri ashike mkondo wake, asigeuze shingo wala kufunga breki kwa pupa.

Bendera ya manjano ikipungwa, mbele pana hatari: wote hupunguza mwendo, na hakuna ruhusa ya kupitana.

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Uwanjani, sharti pia asiyumbe.