Kasenga: Chai ya embe yenye maziwa mazito, bila maziwa kukatika

Mjini Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula unaotenganisha Kongo na Zambia, samaki hupatikana kwa urahisi kuliko maziwa. Ng'ombe wa maziwa ni wachache katika eneo hili la Haut-Katanga, hivyo chai ya maziwa hutegemea maziwa ya unga ya dukani. Kwa mama mwenye watoto wengi, sufuria moja ya chai iliyoharibika ni hasara.

Hasara hiyo humpata kwa urahisi anayetaka kutia ladha ya tunda. Maziwa hukatika, yakawa mabonge juu ya maji. Sababu ni uchachu wa tunda: protini ya maziwa hushikamana inapokutana na uchachu, na moto huongeza kasi yake. Maji ya limau, chungwa au ngai-ngai ndiyo hatari zaidi. Nanasi bichi lina pia kimeng'enya kinachovunja protini hiyo. Embe lililoiva vizuri lina uchachu mdogo, na msimu wake ni wakati wa mvua, kuanzia Novemba.

Kwa vikombe vinne, tayarisha embe moja bivu, vijiko vidogo viwili vya majani ya chai, vijiko vikubwa sita vya maziwa ya unga, kipande cha tangawizi na sukari.

Osha embe, limenye, liponde na ulichuje ili kuondoa nyuzi. Lipike na sukari na maji kidogo kwa dakika tano, kisha liweke pembeni lipoe. Chemsha vikombe vinne vya maji pamoja na tangawizi. Usiitie tangawizi mbichi kwenye maziwa, maana nayo huyakata. Tia majani, acha dakika tatu, chuja, kisha ondoa sufuria kwenye mbabula.

Koroga maziwa ya unga na maji ya vuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa, mpaka yawe mazito kama uji. Yamimine kwenye chai kwanza. Embe lifuate mwishoni, kijiko baada ya kijiko, huku ukikoroga. Usirudishe sufuria motoni.

Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapobana asubuhi hasa Lubumbashi, msimu wa embe huwa umekwisha. Hapo tumia ganda la chungwa. Harufu ya chungwa imo kwenye ganda, na uchachu umo kwenye maji yake. Osha chungwa, kata ganda la juu tu bila ile nyama nyeupe iliyo chungu, na ulichemshe dakika tano kabla ya kutia majani. Maji ya chungwa wape watoto wanywe kando.

Jambo la mwisho ni maji yenyewe. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika maeneo ya Haut-Katanga yaliyo kando ya mito na maziwa makubwa. Maji ya chai huchemka, lakini yale ya kukorogea maziwa mara nyingine hutoka moja kwa moja kwenye ndoo. Nayo yachemke kwa nguvu walau dakika moja, na vikombe vioshwe kwa maji safi. Chai tamu isiyo salama haina faida kwa mtoto.