Petroli ya Bei Ghali: Je, Gari Lako Linaihitaji?

HEBU fikiri umesimamisha gari katika kituo cha petroli pale Ruring'u, mjini Nyeri, Jumamosi asubuhi. Mhudumu anakusogelea na kukuuliza: "Nikuwekee super au ile nyingine?" Ile nyingine ni ghali zaidi, na jirani yako amekwisha kukuambia kwamba ina nguvu, ukiitia gari hupanda mlima kama swara. Mama watoto, aliyeketi kando yako, anakutazama tu, maana anajua shule zinafunguliwa juma lijalo. Utamjibuje mhudumu?

Swali hili si geni. Katika miaka ya 1990 vituo vyetu viliuza petroli za aina mbili: super, na ile ya kawaida iliyokuwa ya bei nafuu. Hii ya pili ilitoweka. Siku hizi super ndiyo petroli ya kila mtu, na bei yake ya juu kabisa hutangazwa na EPRA, halmashauri inayosimamia kawi na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, pamoja na ile ya dizeli na ya mafuta ya taa. Kando ya super ziko petroli zenye majina ya kampuni, kama vile V-Power ya Shell na Excellium ya TotalEnergies. Hizi ndizo zinazowatatiza wengi.

Oktani si nguvu

Wengi hudhani kwamba petroli yenye oktani ya juu ina nguvu zaidi. La hasha! Ndani ya silinda, pistoni huibana petroli iliyochanganyika na hewa, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huo huwaka. Ukibanwa sana na kupata joto jingi, huweza kuwaka wenyewe kabla ya zamu yake. Hapo utasikia injini ikigonga kama mtu anayetikisa misumari katika mkebe, hasa unapopanda mlima ukiwa na mzigo. Kugonga huko kukizidi, pistoni hutoboka.

Oktani, basi, ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kuwaka ovyo. Injini inayobana sana, au yenye turbo, huhitaji oktani ya juu. Injini isiyobana sana haipati faida yoyote kwa kupewa oktani ya ziada. Ni sawa na kumnunulia dawa ya malaria mtu asiyeugua: pesa zimekwenda, na yeye yu vile vile.

Nyeri si Mombasa

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wanafaa kulijua. Mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Huku juu, kani ya hewa ni pungufu kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo, kwa hivyo hata kule kubana hupungua, na hatari ya kugonga nayo hupungua. Mlima wetu, kwa hakika, unakusaidia kutumia petroli ya bei nafuu.

Walakini usijisahau. Mafundi wengi wa huku huitegesha cheche ya gari kuukuu la kabureta iwahi kidogo, ili lipate nguvu katika hewa hii nyepesi. Ukiteremka na gari hilo hadi Mombasa wakati wa likizo, likiwa limejaa watoto na masanduku, litaanza kugonga kwenye joto na hewa nzito ya pwani. Kabla ya safari, mwambie fundi airudishe cheche mahali pake. Magari ya kisasa yana kifaa cha kusikiliza mgongo huo, nayo kompyuta ya gari huichelewesha cheche yenyewe.

Chungulia kifuniko

Utajuaje gari lako linataka nini? Soma kitabu chake, au fungua kifuniko cha tenki utazame maandishi ya ndani. Magari mengi yetu hutoka Japani yakiwa yametumika, na maandishi huwa ya Kijapani. Usikate tamaa. Mwanao mwenye simu ataipiga picha na kuitafsiri mara moja.

Huko Japani, petroli ya kawaida hutakiwa iwe na oktani isiyopungua 89, na ile ya juu isiyopungua 96. Kama gari lako ni Vitz, Probox au Note ya kawaida, iliyotengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, super yetu inalitosha. Kama ni Subaru Forester ya turbo au Impreza WRX, maandishi huenda yakataka ile ya juu. Hapo usibane senti, bali muulize mhudumu oktani ya petroli yake ni ngapi. Baadhi ya petroli za bei ghali hutofautiana na super kwa dawa za kusafisha injini kuliko kwa oktani.

Hesabu ya nyumbani

Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 15 kwa lita, nawe hutia lita 40 kila juma. Hiyo ni shilingi 600 kwa juma, yaani shilingi 31,200 kwa mwaka. Kwa pesa hizo utabadilisha oili, plagi na chujio la hewa, na bado utabaki na za kununulia vitabu na sare. Oili safi na magurudumu yenye upepo wa kutosha vitalifaa gari lako kuliko petroli lisiyoihitaji.

Linalostahili kukuhangaisha zaidi ni usafi wa petroli yenyewe. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na yakichanganywa na petroli hata injini mpya itagonga. Mnamo 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nunua katika kituo chenye wateja wengi, na udai risiti kila mara. Gari likianza kugonga ghafla baada ya kutia petroli, usikimbilie ile ya bei ghali. Badilisha kituo kwanza, kisha umwone fundi.

Basi wiki hii, kabla hujajaza tenki, fungua kile kifuniko pamoja na watoto na msome kilichoandikwa. Aliyelitengeneza gari ndiye anayejua chakula chake.