Mmweko wa sekunde mbili kwenye Mshtarii

Jioni ya Septemba 13, 2021, José Luis Pereira alielekeza darubini yake kwenye Mshtarii huko São Caetano do Sul, mji uliopakana na São Paulo, Brazil, akaanza kurekodi video kama ilivyo kawaida yake. Katika video ya kwanza tu aliona nuru ya ajabu ikimweka juu ya sayari. Hakuitilia maanani, akidhani ni mipangilio ya kamera. Alipomaliza, akaziachia video zote programu iitwayo DeTeCt izipekue, naye akaenda kulala.

Asubuhi akakuta programu imemwekea onyo: kuna kila dalili kwamba Mshtarii umegongwa. Alimpelekea ushahidi Marc Delcroix, Mfaransa anayeisimamia programu hiyo, naye akathibitisha. Gimba kutoka angani lilikuwa limetumbukia katika mawingu ya sayari hiyo na kuteketea kwa mmweko wa sekunde mbili hivi.

Pereira ni mtazamaji wa ridhaa. Halipwi na mtu. Ndivyo alivyo pia Anthony Wesley wa Australia, ambaye Julai 2009 aliona baka jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii, akawajulisha wataalamu, na darubini ya NASA iliyoko Hawaii ikageuzwa kutazama alichokiona. Vituo vikubwa vina foleni ya watafiti na havina nafasi ya kukodolea sayari moja usiku baada ya usiku. Mwenye darubini uani kwake anayo, na siku hizi ana programu za kumsaidia, nyingi za bure.

Kinachosumbua hasa ni hewa. Joto na baridi vinapopishana angani, picha ya sayari hutikisika na kufifia, kisha ghafla hutulia kwa sehemu ya sekunde. Ndiyo maana watu hawa hawapigi picha moja, bali hurekodi video. Kwa fremu 100 kila sekunde, dakika mbili zinatoa fremu 12,000, nyingi zikiwa takataka. AutoStakkert, kazi ya Mholanzi Emil Kraaikamp, huzipanga kuanzia iliyo safi hadi iliyovurugika, kisha hulaza zile bora moja juu ya nyingine hadi chengachenga zipotee. Hapo RegiStax huingia kuzikaza kingo. Na hapo ndipo wengi huharibu: ukivuta vitufe vya kukaza kupita kiasi, Mshtarii unaota mikunjo na duara ambazo hazipo. Binafsi naiamini zaidi picha yenye ukungu kidogo kuliko ile inayong'aa kama kalenda ya ukutani.

Kuna tatizo jingine. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, maana yake mawingu ya ikweta yake hukimbia zaidi ya kilomita 12 kila sekunde. Rekodi kwa dakika tatu, na kila doa la ikweta limeshasogea zaidi ya kilomita 2,000. WinJUPOS, iliyoandikwa na Mjerumani Grischa Hahn, hukokotoa mzunguko huo na kurudisha kila doa mahali pake, ili video kadhaa ziunganishwe kuwa picha moja. Kwa programu hiyohiyo unaweza kupima longitudo ya Doa Kubwa Jekundu na kufuatilia linavyohama mwezi hadi mwezi.

Lakini haya yote yanasimama juu ya saa sahihi. Programu za sayari hutumia saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na sisi tuna desturi yetu ya kuhesabu saa kuanzia machweo. Saa 3 usiku ya Dar es Salaam ni 18:00 kwenye faili. Ukichanganya hapo, Doa Jekundu litaonekana upande usio wake, na kipimo chako hakitamfaa mtu.

Anayeanza hahitaji hata darubini. Stellarium, iliyobuniwa na Mfaransa Fabien Chéreau, itamwonyesha bure sayari ipi iko wapi usiku huu na miezi ya Mshtarii imejipangaje. Aliye karibu na ikweta ana bahati ya pekee. Miaka ya 2019 na 2020, Mshtarii na Zohali vilijikongoja chini kabisa kwenye anga la London, takriban nyuzi 16 juu ya upeo, vikitazamwa kupitia hewa nzito. Nairobi vilipita juu, zaidi ya nyuzi 65.

Tena, DeTeCt haihitaji ushindi pekee. Kila video inayopekuliwa huacha kumbukumbu ya muda uliotazamwa, hata kama hakuna kilichoonekana, na kumbukumbu hizo hutumwa kwa Delcroix. Bila kujua ni saa ngapi watu walitazama na kuambulia patupu, hakuna awezaye kukadiria Mshtarii hugongwa mara ngapi kwa mwaka.