Hispania: Kutembelea Córdoba pamoja na mbwa, nani atabaki nje?

Kutoka Madrid, barabara ya A-4 inateremka kusini karibu kilometa 400 hadi Córdoba. Njiani inapenya milima ya Sierra Morena mahali panapoitwa Despeñaperros, jina ambalo maana yake ni pa kutupia mbwa gengeni. Siku hizi mbwa wanapita hapo wakilala kwenye kiti cha nyuma, pamoja na familia zinazoenda vakansi. Sheria ya barabara inataka tu mnyama awekwe mahali ambapo hawezi kumsumbua dereva.

Shida inaanza mtu anapofika. Córdoba, mji wenye wakaaji zaidi ya 300,000, unajulikana duniani kwa jengo moja: Mezquita, msikiti ulioanza kujengwa mwaka 785 na kugeuzwa kanisa mwaka 1236, wakati mfalme Ferdinand wa Tatu alipouteka mji. Ndani mna nguzo zaidi ya 850. Mbwa haruhusiwi kuingia, isipokuwa yule anayemwongoza kipofu. Kwa hiyo wanaosafiri wawili hupeana zamu: mmoja anaingia, mwingine anashika kamba kwenye kivuli cha ukuta. Aliye peke yake lazima atafute mtu wa kumlindia mbwa, ao aache.

Kumwacha ndani ya gari si suluhisho. Bonde la mto Guadalquivir ni kati ya sehemu zenye joto kali kabisa Ulaya. Tarehe 14 Agosti 2021, joto lilipita digri 47 katika jimbo la Córdoba. Gari lililofungwa juani linageuka tanuri kwa dakika chache tu. Mbwa naye hatoki jasho mwili mzima kama binadamu. Anajipoza hasa kwa kuhema, na hewa ya moto haimsaidii. Hata mawe ya barabarani yanaweza kumuunguza nyayo.

Ndiyo maana wenyeji wanatembeza mbwa wao asubuhi na mapema, halafu tena jua likizama. Saa nane mchana maduka mengi yamefungwa na watu wako majumbani. Jioni, mji unafunguka. Daraja la Waroma, lenye matao 16, halipitishi magari tangu mwaka 2004, na mbwa anaweza kulivuka akiwa kwenye kamba hadi mnara wa Calahorra, ng’ambo ya mto. Upande wa pili, vichochoro vyeupe vya mtaa wa zamani wa Wayahudi vina kivuli. Kwenye meza za nje za mikahawa, mbwa analala chini ya kiti wakati bwana wake anakula salmorejo, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate na mafuta ya zeituni. Mbwa asionjeshwe: ina vitunguu saumu, ambavyo ni sumu kwake.

Sheria pia imekuwa kali. Tangu Septemba 2023, Hispania inakataza kumwacha mbwa bila uangalizi kwa zaidi ya saa 24.

Na kwa mtu wa Goma ao Bukavu anayefuata jamaa yake Ulaya na kutaka kuchukua mbwa wake? Inawezekana, lakini kwa sababu ya kichaa cha mbwa masharti ni marefu kuliko yale ya mbwa wa Ulaya. Kwanza mbwa anawekwa chipu chini ya ngozi, kisha anachanjwa. Baada ya siku 30 ao zaidi, daktari wa mifugo anatoa damu, nayo inapimwa katika maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Matokeo yakiwa mazuri, lazima kungoja miezi mitatu kuanzia siku damu ilipotolewa, halafu kupata cheti cha afya cha daktari wa serikali.

Kwa hesabu hiyo, anayetaka kusafiri na mbwa wake mwezi wa Desemba amchanje mwezi wa Julai, ao mwanzoni mwa Agosti akichelewa sana.